Uvimbe wa Shingo: Tusiufiche kwa Mtandio

Akina mama wenzetu, ni mara ngapi tumeketi kanisani karibu na mama aliyejizungushia mtandio shingoni, na jua la Dodoma linawaka? Anaficha rovu. Ukimwuliza kwa upole atakuambia haliumi, ila anaogopa kisu: wakimkata, hataimba tena kwaya. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Tuitazame pamoja.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya koo, na umbo lake ni kama kipepeo. Hutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo na nguvu zetu. Kazi hiyo huhitaji madini joto, ambayo ni haba katika udongo wa sehemu nyingi za bara. Yakikosekana, tezi hukua na pengine huota vinundu. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Vinundu vingi si saratani.

Vipimo kwanza

Daktari hupima damu ili ajue kama homoni zimezidi au zimepungua, kisha hupiga picha ya ultrasaundi. Kinundu kikitiliwa shaka, huchomwa sindano nyembamba ili kuvuta chembechembe za kupimwa. Kisicho na dalili mbaya huachwa na kuangaliwa tena baadaye. Upasuaji hufanywa kikibana koo au pumzi, kikishukiwa kuwa saratani, au homoni zikizidi na dawa zisifae.

Nusu au yote?

Kinundu kikiwa upande mmoja, huenda ukaondolewa upande huo tu. Uliobaki mara nyingi huutosheleza mwili. Vinundu vikijaa pande zote, au saratani ikiwa kubwa, tezi yote huondolewa, na mama humeza kidonge cha homoni kila siku maisha yake yote. Mwaka 1883 Theodor Kocher, mpasuaji wa Uswisi, alieleza jinsi wagonjwa wake waliotolewa tezi yote walivyodhoofika mwili na akili. Wakati huo kidonge hakikuwapo. Leo kipo, lakini kisikatizwe, hata wakati wa ujauzito. Kabla ya kukubali, kaeni na baba watoto mwulize: kidonge kitapatikana wapi, na kwa bei gani?

Na sauti je?

Mishipa ya fahamu inayoendesha sauti hupita nyuma ya tezi. Ikiguswa, sauti hukwaruza, mara nyingi kwa muda tu, mara chache moja kwa moja. Kando yake kuna tezi nne ndogo zinazotunza kalsiamu. Zikiumia, vidole hufa ganzi na misuli hukaza. Mwambie daktari mapema kwamba unaimba au unafundisha. Rovu likikua sana na kushuka kifuani, kazi ya mpasuaji huwa ngumu na hatari kwa sauti huongezeka. Kumbe mtandio hauilindi sauti, unaihatarisha.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Sauti ikibadilika, ukishindwa kumeza au uvimbe ukikua haraka, usingoje.

Na jikoni tutumie chumvi yenye madini joto, tuitunze ndani ya chombo chenye kifuniko. Haitayeyusha kinundu cha zamani, lakini itawakinga wanetu.