Karatu: Shamba huuzwa kwa hatua, hati hutoka kwa mita

Mwenye shamba pembezoni mwa mji wa Karatu akitaka kuuza viwanja, dalali hutangulia kwa miguu. Ekari ni hatua 70 kwa 70. Anahesabu kwa sauti, anapiga kigingi, "20 kwa 20" imepatikana. Baadaye mpima anakuja na mita zake. Hatua hiyo ni yadi, kama sentimita 91, hivyo kiwanja kilichouzwa kama mita za mraba 400 kina 334 hivi. Tofauti hiyo inatosha vyumba vitatu na choo.

Soko lipo. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa 1959, hakuna viwanja vya kuuza, na wengi wanaoishi kwa utalii wake hujenga upande huu wa geti.

Dalali mmoja wa siku nyingi analalamika kwamba lawama zote zinatupwa kwao madalali. Wenye mashamba, anasema, hawataki kusikia habari ya barabara kwa sababu barabara hailipwi. Ekari ina mita za mraba 4,047. Ukikata viwanja kumi vya 400, zinabaki 47, hata bajaji haigeuki. Ukitenga njia ya gari unapata saba au vinane, na hapo mwenye shamba humtafuta dalali mwingine. Na madalali wakimwambia mnunuzi asubiri mchoro wa mipangomiji uidhinishwe, dereva wa watalii mwenye fedha za msimu hasubiri: ananunua kwa jirani, wanaandikiana mbele ya mwenyekiti, anamwaga mawe ya msingi.

Ofisa mmoja wa ardhi anaamini urasimishaji wa makazi utamaliza tatizo. Ni vigumu kukubaliana naye moja kwa moja. Urasimishaji huzikuta nyumba zilipo. Kuta mbili zikishakaribiana, barabara haipatikani mpaka mtu akubali kumegewa. Na pale ambapo ardhi bado ni ya kijiji, chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, mnunuzi aliyeahidiwa hati miliki huenda akaishia kwenye hati ya kimila, tena kwa ridhaa ya kijiji.

Bei huenda zikaendelea kupanda muda wote watalii wanapopita. Viwanja vyenye bikoni na ramani iliyoidhinishwa vina nafasi nzuri zaidi. Vya vigingi, sina hakika. Dalali yule sasa anatembea na futikamba, ingawa anasema wauzaji wengi bado humwomba airudishe mfukoni.