Tuzuie Miche ya Malenge na Matango Isioze Shina

Mwezi huu tunaongea juu ya bustani. Huku Busia na Tororo mvua kubwa huanza Machi hadi Mei, halafu nyingine hurudi kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Ndipo tunapopanda malenge na matango. Malenge hutulisha mara mbili: kwanza majani, yaani seveve, halafu tunda lenyewe.

Lakini mvua ikipiga usiku kucha, asubuhi unakuta miche imelala chini. Ukishika shina karibu na udongo ni laini, jembamba kama uzi. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaoletwa na vimelea vya ukungu vinavyokaa kwenye udongo. Kama shina limekatwa safi kama kwa kisu, huyo ni sota: fukua kando ya mche, utamkuta amejikunja.

Mche ukishaoza haurudi. Kwa hiyo dawa ni kuzuia mapema.

Mkimbizi hachagui udongo

Waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi Kenya mwaka 2008 waliingia kupitia Busia na Malaba, wakakaa Mulanda, Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo. Kila mahali unapewa kiwanja kilichopo. Udongo hatuuchagui, ila tunaweza kuuandaa.

Tufanye hivi:

1. Inua tuta kimo cha kiganja au zaidi, na uchimbe mfereji wa kutoa maji. Udongo mweusi wa bondeni ndio unaoshika maji zaidi.

2. Tumia mbolea ya samadi iliyooza vizuri. Ile mbichi huunguza mizizi na kuongeza ugonjwa.

3. Fukia mbegu sentimita 2 hadi 3 tu. Weka mbili kila shimo, baadaye bakiza mche wenye nguvu. Malenge yaachane mita moja na nusu au zaidi, ili upepo upite.

4. Mwagilia asubuhi, kando ya mche, si juu ya shina. Udongo ukiwa bado na unyevu, acha.

5. Nyasi za kufunika udongo zisiguse shina.

6. Usirudishe malenge, matango wala tikiti mahali pale pale. Badilisha na mahindi au mtama.

7. Kwa kitalu, chukua udongo ambao haujapandwa jamii hiyo. Kuni ni shida, basi tumia jua: lowesha udongo, funika na nailoni angavu wiki 4 hadi 6.

Ukiona mche mmoja umeoza, ung'oe pamoja na udongo wake, utupe mbali na bustani, na uoshe jembe. Mbegu za msimu ujao zisitoke kwenye tunda la mmea uliougua.

Majivu je? Yanamsumbua sota, lakini hayaponyi kuoza.

Akina mama na akina baba, mbegu ni chache. Tuinue matuta kabla mvua haijafika. Shamba njema!