Ambrayaji ya nguvu haiongezi muzigo: tupime nini mbele ya kununua remoroki?

Ku mikutano ya koperative, kisha mavuno, ulizo moja linarudi kila mara. Feza za mauzo zimeingia ku sanduku. Kamyo ya koperative ni ya vitesi ya mukono, na mahindi imepita nafasi ya karoseri. Mutu mmoja anasimama na kusema: «Tukiweka ambrayaji ya nguvu zaidi, hatuwezi kufunga remoroki nyuma na kubeba yote safari moja?»

Ni shauri linaloonekana muzuri, juu ambrayaji njo kitu cha kwanza kinachoungua wakati kamyo inalemewa. Lakini jibu ni hapana. Ambrayaji inapitisha nguvu ya motere, haizai nguvu. Mbele komite haijatosha feza, tuangalie pamoja juu ya nini.

Kazi ya ambrayaji

Weka viganja vyako viwili pamoja, uvikaze, kisha uzungushe kimoja. Ukikaza sana, kingine kinafwata. Ukilegeza, vinateleza na kupata moto. Ambrayaji inafanya hivyo. Disiki inakazwa na plato juu ya volani ya motere, na mzunguko unaingia ku bwati ya vitesi.

Kama disiki na plato vinakaza vya kutosha, nguvu yote ya motere inapita. Ukiweka ambrayaji ya nguvu mara mbili, itapita nguvu ile ile, juu motere haikubadilika. Ni sawa na kuweka bomba nene ku chemchemi ndogo: maji haiongezeki.

Tena kuna hatari. Ambrayaji ya kawaida inafanya kazi sawa fizibule ya umeme: muzigo ukizidi, yenyewe inateleza kwanza. Ukiikaza kupita kiasi, kishindo kinakwenda mbele ku bwati, ku kardani na ku ponti ya nyuma. Hizo vyuma bei yake inapita bei ya disiki mara nyingi.

Nani anaamua uzito wa kuvuta?

Kiwanda kinahesabu motere, namna inavyopozwa, bwati, ponti, shasi, ndoano ya kuvutia, mapine na freni. Kile kilicho zaifu kuliko vyote njo kinaweka mpaka. Kuimarisha ambrayaji peke yake hakusogezi mpaka ule.

Tafuta kibati cha kiwanda ku mulango wa chofere ao ku shasi. Hesabu mbili ni za lazima. PTAC ni uzito wote wa kamyo na muzigo wake. PTRA ni uzito wa kamyo, remoroki na mizigo yote pamoja. Kama PTRA haikuandikwa, usijipe mwenyewe ruhusa ya kuvuta. Uliza muuzaji wa aina ile ya kamyo.

Tuchukue mufano. Kamyo iko na PTAC ya kilo 5.500 na PTRA ya kilo 7.500. Ikijaa, kilo 2.000 tu njo zinabakia kwa remoroki. Lakini remoroki tupu ina kilo 700. Basi inabakia kilo 1.300 za mavuno, ni kusema mifuko 13 ya kilo 100. Mutu akiweka mifuko 30, amezidisha kilo 1.700, na hakuna ambrayaji itakayofuta hesabu hiyo.

Mulima unadai deni yake

Ku barabara inayopanda metri 10 kwa kila metri 100, kila tani inavuta kamyo nyuma kwa nguvu ya karibu kilo 100. Udongo mukavu unaongeza kilo 20 mpaka 30 hivi kwa tani. Matope inaweza kuongeza 100 na zaidi.

Kamyo yetu ya tani 7,5 inahitaji basi nguvu ya karibu kilo 975 ku mulima ule, ku udongo mukavu. Ikibeba ile mifuko 30, inahitaji karibu 1.200. Nguvu hiyo inatoka ku motere na ku vitesi ndogo. Ikikosekana, chofere anaanza kucheza na pedali, disiki inateleza, harufu ya kuungua inasikika. Watu wanasema ambrayaji ni mbaya, kumbe muzigo njo mbaya.

Kushuka ni hatari kuliko kupanda

Wanamemba wa upande wa Uvira na Bukavu wanajua Ngomo. Maji ya Ziwa Kivu iko ku metri 1.460, ya Tanganyika ku metri 773. Mupunga, mahindi na muhogo kutoka Bonde la Ruzizi inapanda tofauti hiyo. Simenti na mabati inaishuka. Kamyo iliyoshindwa kupanda inasimama. Kamyo iliyoshindwa kushuka haisimami.

Freni za kamyo zilipimwa kwa uzito wa kibati. Remoroki isiyo na freni inasukuma kamyo kutoka nyuma, hasa ku kona. Freni zikitumika bila kupumua zinapata moto na kulegea, na mara nyingi wamama wachuuzi wamekaa juu ya mifuko.

Hapa ambrayaji iko na kazi kubwa, lakini si ile watu wanafikiri. Inashika motere na magurudumu pamoja, ili motere isaidie kuzuia. Njo maana chofere anachagua vitesi ndogo mbele ya kuanza kushuka, na haweki muguu ku pedali ya ambrayaji njia yote. Anayeshuka na pedali chini, ao bila vitesi ili kuchunga mafuta, amebakiza freni peke yake.

Wakati gani ununue ambrayaji mupya?

Nunua kama ile ya zamani imechoka. Alama ni hizi: motere inapiga kelele lakini kamyo haiongezi mwendo, harufu ya kuungua inatoka bila muzigo mukubwa, ao pedali inashika ku mwisho wa juu kabisa.

Kuna kipimo cha haraka. Ku uwanja sawa, bila mutu mbele, vuta freni ya mukono, weka vitesi ya nne, kisha achilia pedali polepole na mafuta kidogo. Motere ikizimika, ambrayaji inashika. Ikiendelea kuzunguka, inateleza. Fanya mara moja tu, juu kipimo chenyewe kinachoma disiki.

Badilisha disiki, plato na bute pamoja, vya aina ile ya kiwanda. Fundi aangalie pia volani na mafuta inayovuja, juu disiki iliyolowa mafuta itateleza hata kama ni mupya. Na chofere asishikilie kamyo ku mulima kwa ambrayaji. Freni ya mukono iko kwa kazi hiyo.

Punguza muzigo mbele ya barabara

Sehemu hii iko mikononi mwetu wakulima. Tani moja ya mahindi yenye unyevu wa 25 kwa 100, ikikaushwa mpaka 13, inabakia kilo 862 hivi. Kilo 138 zilikuwa maji. Ku tani tatu, ni mifuko mine ya maji tuliyotaka kulipia mafuta, pine na freni! Tena mahindi makavu hayaoti ukungu ku depo.

Ondoa mahindi ku magunzi kabla ya safari. Muhogo ukatwe na kukaushwa kijijini, juu zaidi ya nusu ya uzito wa muhogo mubichi ni maji. Mupunga ukikobolewa karibu na shamba, maganda, kama kilo 20 kwa kila 100, yanabakia kwetu.

Kisha kukausha na kupukucha, hesabu tena mifuko. Ikipita kibati, fanya safari mbili, ao koperative mbili zikodi kamyo kubwa pamoja. Feza zilizotengwa kwa ambrayaji ya nguvu zinunue kwanza freni nzima, mapine mazuri na mahema ya kuanikia.

Ku mukutano unaokuja, katibu alete hesabu tatu zimeandikwa: PTAC, PTRA, na uzito wa kamyo tupu. Zisomwe mbele ya wanamemba wote, chofere akiwemo, kisha zibandikwe ku mulango wa depo. Anayepakia atajua mufuko wa mwisho ni wa ngapi.