Ulidhani umemaliza gemu? Huenda umecheza nusu tu

NILIRUDI Kianyaga baada ya kuacha koleji. Asubuhi nilichuma majani chai shambani kwa cucu, jioni nikashinda kwenye kibanda cha gemu sokoni.

Wasee wote pale walipigania FIFA. Mimi nilikaa pembeni kwenye PlayStation kuukuu, nikicheza Castlevania: Symphony of the Night, gemu ya Konami ya 1997. Unamwongoza Alucard, mwana wa Dracula, akipekua kasri chumba baada ya chumba.

Siku moja nikamkuta Richter Belmont kwenye chumba cha enzi, nikamchapa hadi akafa. Majina ya watengenezaji yakapanda kwenye skrini. Nikatangaza nimemaliza.

Kijana mmoja wa sekondari akaniangalia kwa huruma. “Buda, ulikuwa umevaa miwani?”

Miwani gani sasa?

Kumbe Richter alikuwa ametekwa akili, na ukimuua unapata mwisho wa uongo. Ili kuupata ule wa kweli, unahitaji pete mbili. Ya dhahabu unaipata kwa kumshinda Succubus, jini la kike linalokutega ndotoni. Ya fedha iko upande wa kanisa, nyuma ya miiba inayoua. Kuivuka lazima uvae deraya ya Spike Breaker, iliyofichwa kwenye makaburi ya chini.

Vaa pete zote mbili, ingia chumba cha saa kubwa, na sakafu itafunguka. Huko chini Maria atakupa miwani ya Holy Glasses. Ukiwa nayo utaona tufe la kijani likielea juu ya Richter. Piga tufe, mwache yeye.

Hapo ndipo kasri la pili linafunguka, limepinduliwa juu chini. Ndiyo maana ramani ya gemu hii inafika asilimia 200.6! Na bado utatafuta mabaki matano ya Vlad: moyo, jino, ubavu, pete na jicho, kabla ya kumfikia Dracula.

Hollow Knight ya 2017, kutoka Team Cherry ya Australia, ni ngumu vilevile. Unakusanya Essence 1,800 ili kuiamsha Dream Nail, unapita White Palace yenye misumeno kila kona, kisha unashuka Abyss kuchukua Void Heart. Kwenye pigano la mwisho, Hornet anamshika adui kwa muda mfupi tu. Usipotumia Dream Nail wakati huo, mwisho wa kweli umekuponyoka.

Je, ni uonevu? Mimi naona la. Pete zina maelezo, ramani ina mapengo. Dalili zipo, ila sisi tuna haraka.

Haraka yenyewe ina sababu. Kibandani unalipa kwa saa, kwa hivyo kusoma maelezo ya pete ni kuchoma pesa. Isitoshe, mtoto mmoja alihifadhi gemu yake juu ya yangu kwenye memori kadi. Nilianza upya kabisa, safari hii nikisoma kila kitu.

Nilipofika kasri la juu chini, yule kijana aliacha FIFA akaja kutazama.

Ushauri wangu: kabla ya kukimbilia intaneti kutafuta majibu, fungua ramani uangalie pengo liko wapi.

Koleji bado sijarudi. Ila siku hizi sisemi “nimemaliza” ovyo.