Damu, Maji ya Uti wa Mgongo na Maradhi ya Kusahau

Wanachama wetu,

Msimu uliopita mzee mmoja katika sisi alikodisha mikarafuu yake ile ile kwa watu wawili. Wako waliosema ni hila, na wako waliosema karogwa. Wanawe walikwisha kumwona zamani akiuliza suali moja mara tatu kabla ya chai kwisha, ila waliona haya kusema. Tangu hapo tumeulizwa na wengi: Jee, ni kweli kuwa sasa damu yaweza kuonyesha maradhi ya kusahau? Imetupasa tueleze.

Kusahau kwa wazee kuna sababu nyingi. Kubwa katika hizo ni maradhi ya Alzheimer, yaliyopewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1906 aliutazama kwa hadubini ubongo wa mwanamke aliyekuwa mgonjwa wake, baada ya kufa kwake. Aliona uchafu ulioganda baina ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Leo twajua kuwa uchafu ule ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini iitwayo tau.

Kwa miaka mingi mambo hayo hayakuthibitika ila mtu akishakufa. Kisha wataalamu wakayapima maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Daktari hupenyeza sindano nyembamba baina ya mifupa ya chini ya mgongo, akatoa maji kidogo. Kwa mwenye Alzheimer, tau katika maji hayo huzidi, lakini amiloidi hupungua. Mtu atashangaa: vipi ipungue, na hali imejaa ubongoni? Tuchukue mfano wetu. Mikarafuu ya mtu ikizaa vizuri, kisha yeye akaleta pishi chache kituoni, twajua kuwa karafuu nyingine zimebaki nyumbani. Ndivyo ilivyo amiloidi: imenasa ubongoni, haifiki kwenye maji.

Sindano ya mgongo huogopwa na wengi, na yataka mkono wa daktari aliyeizoea. Kwa hivyo alama hizo zikatafutwa katika damu, ingawa kinachofika humo ni kidogo mno. Iliyofaulu zaidi ni aina moja ya tau iitwayo p-tau217. Mwaka 2024 wataalamu wa Sweden walitoa matokeo ya wagonjwa 1,213. Kipimo cha damu kilipatia kwa wagonjwa 91 hivi katika kila 100. Bila ya kipimo hicho, mabingwa wa maradhi hayo walipatia 73, na madaktari wa kawaida 61. Mwezi wa Mei 2025 Marekani ikaruhusu kipimo cha damu cha namna hiyo kwa watu wazima ambao tayari wana dalili.

Maneno hayo ya mwisho yashikwe vizuri. Alama si hukumu. Wako wazee wenye amiloidi ubongoni, na akili zao timamu mpaka kufa. Tena maradhi ya figo huweza kuipandisha p-tau217 katika damu. Na viwango vingi vimewekwa kwa damu za watu wa Ulaya na Marekani. Ndiyo maana Dk. Jean Ikanga na wenziwe wamepima damu za wazee wa Kinshasa, Kongo, ili na Waafrika wajulikane.

Wala si kila kipimo chataka damu. Katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wazee kama 6 katika kila 100, wa miaka 70 na zaidi, wana maradhi ya kusahau. Huko huko kulitungwa masuali mafupi yasiyohitaji kusoma wala kuandika: mzee hupewa maneno 10 ayakumbuke, huulizwa kiongozi wa kijiji ni nani, hutaja wanyama kwa dakika moja, na hupanga njiti za kibiriti.

Basi nasaha yetu ni hii. Mzee akianza kusahau kuliko kawaida, apelekwe hospitali mapema, na afuatane na yule anayekaa naye, kwani ndiye ajuaye alivyobadilika. Kusahau kwingine hutokana na ukosefu wa vitamini B12, na tezi ya shingo, na huzuni nzito, au na dawa anazokunywa, na huko kwatibika. Alzheimer haijapata dawa ya kuiponya. Zilizoruhusiwa Marekani miaka ya karibuni hupunguza mwendo wake tu, na huweza kuvimbisha ubongo. Lakini presha, sukari na masikio mazito yasiachwe, kwani nayo huongeza hatari ya kusahau.

Na kwa upande wa chama, twaomba kila mkataba wa kukodisha mikarafuu ya mzee uandikwe mbele ya mwanawe na mashahidi wawili. Huko si kumvunjia heshima, bali ni kumhifadhia.

Mzee wetu yule hata leo hajui kuwa alikosea. Wale wawili waliokodi wamekubali kugawana mavuno, wala hawamtaji tena kwa hila. Tunawashukuru.

Wabillahi tawfiq.

Katibu