Benki Ikianza Kuuza Nyumba Yako

Mwenye nyumba wa Kigali aliyebanwa na mkopo huuliza kwanza kama serikali ina mfuko wa kumwokoa. Huna haja ya kuutafuta: haupo. Mwaka 2021 Marekani ilitenga karibu dola bilioni 10 kwa wenye nyumba waliolemewa na athari za korona. Huku kwetu, Mfuko wa Kufufua Uchumi wa mwaka 2020 ulikwenda kwa biashara, hoteli zikiwa mstari wa mbele. Gira Iwawe, mpango wa benki ya maendeleo BRD, humsaidia mtu kupata nyumba kwa riba ya kuanzia 11%, lakini haumlipii deni aliyekwisha kukwama.

Msaada uliopo umo ndani ya taratibu za sheria, na wengi huuomba wakati umeshapita.

Marejesho yakikosekana kwa siku 90, mkopo huhesabiwa kuwa chechefu na benki hulazimika kutenga fedha za kufidia hasara. Kabla ya hapo, ofisa wako wa mikopo bado anaweza kurefusha muda wa kulipa au kupunguza rejesho la mwezi. Mwaka 2020 Benki Kuu, BNR, ilizihimiza benki kufanya hivyo hasa, na zilifanya kwa wateja wengi. Basi peleka barua, usiishie kupiga simu. Andika kilichopungua katika kipato chako, kiasi unachoweza kulipa sasa, na mwezi unaotarajia kurudi katika hali ya kawaida. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ukiona benki imekutendea visivyo, Sheria ya mwaka 2021 ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha inakupa haki ya kulalamika: kwanza kwa benki yenyewe, kisha BNR.

Ukikaa kimya, mambo huenda mbio. Chini ya Sheria ya Rehani ya mwaka 2009, benki haihitaji kukushtaki ili kuuza. Huomba idhini kwa Msajili Mkuu aliyeko Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, kisha anateuliwa msimamizi wa mauzo, na gharama zake hukatwa katika bei ya nyumba yako. Picha ya nyumba, namba ya kiwanja ya UPI na thamani iliyokadiriwa huwekwa kwenye mfumo wa mnada wa mtandaoni, ile cyamunara ambayo tangu mwaka 2020 imechukua nafasi ya kupigiana kelele mlangoni. Majirani wataisoma kwenye simu zao kabla hujawaambia watoto.

Soma ripoti ya uthamini kwa makini kuliko barua zote. Tuseme imeandika faranga milioni 60. Bei ya juu isipofika 75%, yaani milioni 45, unaweza kuikataa katika mnada wa kwanza na wa pili. Katika wa tatu, nyumba humwendea aliyetaja bei kubwa kuliko wote. Kwa hiyo uthamini wa chini hukuumiza mapema: ukiandikwa milioni 40, kinga yako inashuka hadi milioni 30. Una shaka nao? Upinge mara moja, kwa maandishi, ukiwa na ripoti ya mthamini mwingine aliyesajiliwa.

Angalia pia mkataba wa rehani. Nyumba ya wanandoa wanaomiliki mali pamoja haiwekwi rehani bila ridhaa ya wote wawili. Ikiwa sahihi ya mmoja haipo, muone wakili kabla ya siku ya mnada, si baada yake.

Ushauri wangu kwa aliyeona wazi kwamba hataweza kulipa ni mchungu: uza mwenyewe. Iombe benki miezi michache, umlete mnunuzi, naye alipe deni moja kwa moja benki ndipo rehani ifutwe. Kinachobaki ni chako. Hata kwenye mnada salio ni lako kisheria, ila mnadani huwa ni dogo. Barua ya kwenda benki iandike wiki hii.