Kuruka au Kuuliza: Njia Mbili za Kufikia Gemu

Wanaoingia kwenye briji wakitokea karata za barazani, wa Ukunda na Msambweni, huwa hawana shida na sehemu ya pili ya mchezo. Turufu wanaijua, karata zilizokwisha kutoka wanazikumbuka, na kumkata mtu aliyekwisha jiona mshindi ni raha yao. Kinachowasumbua ni sehemu ya kwanza, mnada. Na kwenye mnada huo liko swali ambalo kwenye meza za Diani halijapata kumalizwa kwa amani: uruke moja kwa moja hadi gemu, au umuulize mwenzako kwanza?

Kwa asiyeujua mchezo: watu wanne, wawili kwa wawili, karata 13 kila mmoja. Kabla ya kucheza, kila upande unanadi idadi ya mizunguko utakayokula na turufu itakayotumika. Ukinadi kopa nne, umeahidi kula mizunguko 10 kati ya 13, kwa sababu sita za kwanza hazitajwi. Hiyo ndiyo gemu ya kopa au ya shupaza. Bila turufu gemu ni mizunguko tisa. Kwa pau au uru ni 11.

Mabishano yote haya tumeletewa na Harold Vanderbilt, tajiri wa Kimarekani, aliyezitunga kanuni mpya za alama mwaka 1925 akiwa safarini melini. Zamani mizunguko yote uliyokula ilikuhesabia kuelekea gemu. Vanderbilt akasema hapana, utahesabiwa ile tu uliyoinadi. Kwa hiyo aliyenadi kopa tatu akala mizunguko 10 anapata alama 170, na aliyenadi kopa nne akala hiyo hiyo 10 anapata 420. Akiwa “hatarini”, hali ambayo zawadi na adhabu huongezeka, anapata 620. Karata ni zile zile, jasho ni lile lile. Tofauti ni ulimi.

Nguvu ya karata hupimwa kwa hesabu ya Milton Work, iliyoenezwa baadaye na Charles Goren: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Jumla ya karata zote ni 40, na vitabu husema wawili mkifikisha 25 au 26 nadini gemu. Ugomvi uko kwenye 23 na 24.

Tuchukue mfano. Una ree na 4 ya shupaza. Ree, mfalme, malkia, 7 na 3 za kopa. 9 na 5 za uru. Mfalme, 8, 6 na 3 za pau. Jumla 16. Umefungua kopa moja, mwenzako akapandisha hadi kopa mbili, yaani ana kopa tatu au zaidi na kama pointi sita hadi tisa. Sasa?

Mrukaji anasema kopa nne, basi. Mwanasayansi, yaani muulizaji, anasema pau tatu. Hataki turufu ya pau; anauliza, “Pau zangu ni dhaifu, una cha kunisaidia huko?” Tuseme mwenzako ana pointi saba: ghulamu ya kopa pamoja na ree na malkia wa pau. Mizunguko mitatu ya pau ni yenu, ya nne ataikata kwa turufu au itabaki kubwa yenyewe, na 10 inapatikana bila kuhangaika. Lakini saba hizo hizo zikiwa ghulamu ya kopa, mfalme wa shupaza, malkia na ghulamu wa uru, na pau tatu ndogo, mambo yanaharibika. Uru mbili zinaliwa na wapinzani, pau mbili au tatu vilevile. Mwenzako anarudi kopa tatu nawe unanyamaza. Aliyeruka ameanguka.

Hapo wanaopenda vitabu hupiga meza kwa furaha. Wasifurahi mapema. Swali la pau limesikiwa na watu wote wanne. Mpinzani anayetoa karata ya kwanza sasa anajua unakusudia kukata pau, na akiwa na akili atatoa turufu, tena na tena, mpaka za mwenzako ziishe. Kwa aliyeruka, mpinzani huyo anatoa karata gizani, na mara nyingi hukupa zawadi. Wamarekani Jeff Meckstroth na Eric Rodwell, mabingwa wa dunia zaidi ya mara moja, wana makubaliano mengi ya kisayansi kuliko karibu wachezaji wote, na bado wanajulikana kwa kuruka gemu nyembamba. Wanajua kuuliza, wanachagua wakati.

Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni alama kuliko tabia ya mtu. Katika mechi ya timu, meza ya pili ikisimama kopa tatu, gemu ikifaulu ukiwa hatarini unapata pointi 10 za mechi. Ukikosa mzunguko mmoja unapoteza 6. Mara sita kati ya 16 zinakutosha usipate hasara, yaani asilimia 37.5. Usipokuwa hatarini, ni 6 kwa 5, na unahitaji kama asilimia 45. Katika mashindano ya jozi, ambako kinachohesabiwa ni kuwapita wengine bila kujali kwa alama ngapi, unahitaji karibu nusu. Kwa hiyo yule mzee anayeruka kila siku, mchezo wowote, ni mcheza kamari. Na yule anayeuliza hata akiwa hatarini na pointi 18 anawasomea wapinzani karata zake bure.

Neno la mwisho kwa wanaotoka barazani, ambako wapo wanaokonyezana. Katika briji kukonyezana ni udanganyifu, na makubaliano yenu hayawi siri: mpinzani akiuliza maana ya pau tatu, mwenzako aliyeisikia lazima amweleze. Kubalianeni na mwenzako kabla ya kukaa mezani, muyaandike kwenye kadi, na wapinzani wakitaka kuiona waonyesheni.